Kilima cha Ngaliema: namna ya kutembelea fasi ya historia bila kurudi na picha tu



Watu mingi wa kwetu Mashariki na Katanga wanafika Kinshasa mbio mbio: concours, stage, visa, ao kufuatilia dossier yenye imekwama ofisini. Siku ya kurudi ikikaribia, mutu anapiga picha tatu Boulevard du 30 Juin, anafika Beach Ngobila kuangalia Brazzaville kwa mbali, kisha anakwenda Ndjili kupanda ndege. Ile si mubaya. Lakini ukiwa na nusu siku, kuna fasi ingine yenye inaweza kukufundisha zaidi kuliko boulevard: ni Mont Ngaliema, kilima chenye kuinuka juu ya muto upande wa mangaribi wa muji, karibu na Kintambo.

Juu ya nini kilima hiki? Tutaeleza kidogo kidogo. Lakini jambo moja tuliseme tangu mwanzo: fasi ya historia ni sawa na document. Kwenye auditoire walitufundisha kuuliza document: nani aliandika? aliandikia nani? nani hakupewa nafasi ya kusema? Kilima nacho tukiulize vilevile. Na sisi wenye kusema Kiswahili tuko na sababu yetu ya kukiuliza, kwa maana sehemu ya jibu iko ndani ya lugha yetu.

Muto unaeleza kila kitu

Anza na maji. Muto Kongo una urefu wa kilometa karibu 4.700. Kutoka Kisangani mupaka Kinshasa, kilometa karibu 1.700, mashua zinaweza kutembea bila kukutana na maporomoko makubwa. Ukifika Kinshasa, muto unapanuka, unakuwa kama ziwa: ni Pool Malebo, yenye upana wa kilometa zaidi ya 20. Kisha, gafula, unabanwa tena. Mawe yanaanza. Kutoka pale mupaka Matadi, kilometa karibu 350, ni poromoko juu ya poromoko, na maji yanashuka karibu metre 270 mbele ya kukaribia bahari.

Kilima cha Ngaliema kinasimama kwenye kiungo kile: juu maji yametulia, chini maji yanapiga kelele. Wenye kufanya biashara na mashua kutoka juu walipaswa kushusha muzigo pale. Wenye kutoka bahari kwa miguu walipaswa kufika pale ili wapate mashua. Kwa hiyo mwenye kushika fasi ile alishika mulango wa inchi. Ndiyo maana kulikuwa masoko makubwa mbele ya Muzungu kufika, na ndiyo maana Wazungu nao walipataka. Baadaye walijenga njia ya treni kati ya Matadi na Kinshasa (1890 mupaka 1898), si kwa sababu nyingine, ni kwa kuzunguka mawe yale.

Wewe wa Bukavu ao Goma, ujue kwamba maji yenye unaangalia pale si mageni kwako. Ziwa Kivu linashuka kwa Ruzizi, linaingia Tanganyika, Tanganyika inatoka kwa Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba. Na Lualaba, baada ya kupita Kongolo, Kindu na Kisangani, ndiyo muto ule ule. Watu wa Lubumbashi nao wasijione mbali: maji ya Katanga yanapita pale pia.

Kama unaweza kuchagua wakati: mwezi wa 7 na wa 8 maji yanakuwa chini, mawe ya upande wa Kinsuka yanaonekana wazi. Mwezi wa 12 muto umejaa, mawe mengi yamefunikwa, lakini nguvu yake utaisikia. Kwa kadiri, metre cube karibu 40.000 zinapita kila seconde. Ukiona hesabu hiyo kwa macho yako, utaelewa juu ya nini watu wanazungumuza kila siku juu ya Inga, yenye iko chini kwenye muto huu huu.

Ngaliema alikuwa nani?

Wengi wanajua Ngaliema kama jina la komine, la kliniki, la bahari ndogo ya muto (Baie de Ngaliema). Alikuwa mutu. Alikuwa mukubwa wa Kintambo, kijiji cha Bateke chenye Wazungu waliandika Ntamo. Hakuzaliwa ndani ya jamaa ya wafalme. Inasemekana mwanzo wake ulikuwa wa utumwa. Alipanda kwa biashara ya pembe za ndovu. Pembe zilishuka na mashua kutoka juu ya muto, yeye na wenzake walizinunua, kisha misafara ilizipeleka pwani kwa miguu. Alikuwa na bunduki, vitambaa, na watu wengi nyuma yake. Kwa luga ya leo tungesema ni opérateur économique mukubwa, mwenye kutafuta pia nguvu ya siasa mbele ya wakubwa wengine wa Bateke wenye damu ya ufalme.

Stanley alipita pale mara ya kwanza mwaka 1877, akitoka Nyangwe katika Maniema na kushuka muto. Alirudi mwaka 1881, mara hii kwa kazi ya Léopold II. Lakini hakukuta nafasi wazi. Tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 1880, Brazza alikuwa amekwisha kufanya mapatano na Makoko, mufalme wa Bateke, kwa faida ya Ufaransa. Alikuwa ameacha kule sergent mumoja wa Senegal, Malamine, kuchunga bendera. Kwa hiyo miji miwili yenye kutazamana leo, Kinshasa na Brazzaville, ni matunda ya mashindano yale. Stanley alibaki na ngambo ya kushoto, na ngambo ya kushoto ilikuwa na Ngaliema.

Hadisi ya gongo

Hapa kuna hadisi moja yenye inarudiliwa sana. Ngaliema anakuja kwenye kambi ya Stanley na watu wake wenye silaha. Stanley ameficha watu wake ndani ya vichaka, ndani ya mahema na nyuma ya vitu. Ameacha gongo la chuma likitundikwa wazi. Ngaliema anauliza ni kitu gani, anataka lipigwe. Stanley anamuonya: hii ni dawa ya vita. Ngaliema anasukuma. Gongo linalia, na watu wenye silaha wanaruka kutoka pande zote wakipiga kelele. Watu wa Ngaliema wanakimbia, na mukubwa mwenyewe anajificha nyuma ya Stanley.

Hadisi nzuri ya kuchekesha. Sasa fanya kazi ya mwenye elimu. Inatoka wapi? Inatoka ndani ya kitabu cha Stanley mwenyewe, kilichotoka mwaka 1885, mwaka ule mukutano wa Berlin ulimalizika. Kiliandikwa kwa nani? Kwa wasomaji wa Ulaya, ili waone kwamba kazi ya Léopold ni ya akili na ya amani. Ngaliema hakuandika kitabu. Hatuna maneno yake juu ya siku ile.

Hatusemi hadisi ni uongo. Tunasema kwamba imekatwa na mukono wa mumoja. Na hata ndani ya maneno ya Stanley mwenyewe, mambo ingine yanaonekana: kwamba Ngaliema alikuwa amepokea vitu vingi vyake kama bei ya urafiki, kwamba walifanya undugu wa damu, kwamba Stanley hakuweza kujenga bila kuzungumuza naye. Hiyo si picha ya mutu mujinga mwenye kuogopa kelele. Ni picha ya mufanyabiashara anayeona mushindani akiingia sokoni mwake, na anatafuta namna ya kumupima. Mwishoni mwa mwaka 1881 kituo kilijengwa kwenye mutelemuko wa kilima, kikaitwa Léopoldville. Miaka michache nyuma yake, Bateke wengi wa ngambo ile walivuka muto wakaenda upande wa Wafaransa. Kilima kilibaki, wenyewe wakaondoka.

Kiswahili juu ya mawe

Sasa tufike kwa jambo lenye linatuhusu sisi moja kwa moja. Nani alikuwa amejificha ndani ya vichaka vile? Nani alijenga kituo?

Musafara wa kwanza wa Stanley uliondoka Bagamoyo mwezi wa 11 mwaka 1874 na watu karibu 350, sehemu kubwa watu wa Zanzibar na wa pwani. Kiswahili ndiyo ilikuwa luga ya kambi. Walipofika Boma mwezi wa 8 mwaka 1877, walibaki karibu 115. Wengine walitoroka njiani. Wengine walikufa kwa njaa, kwa magonjwa, kwa vita, kwa maji. Kalulu, kijana aliyetolewa kama zawadi kwa Stanley wakati alikuwa mutoto mutumwa kule Tabora, alizama mwezi wa 3 mwaka 1877 kwenye maporomoko chini kidogo ya kilima chetu. Frank Pocock, Muingereza wa mwisho aliyekuwa na Stanley, alizama mwezi wa 6. Uledi, mwenye kushika usukani wa mashua, aliokoa watu wengi kutoka maji yale.

Na aliporudi mwaka 1879 kwa kazi ya Léopold, Stanley alipita tena Zanzibar kutafuta watu. Ndio, pamoja na wafanyakazi wengine wa Afrika ya Mangaribi na watu wa Kongo ya chini, waliovunja mawe, waliokata njia, waliovuta vipande vya mashua ya chuma juu ya vilima mupaka Pool. Kila Mukongomani anajua jina Bula Matari, mwenye kuvunja mawe. Ni jina la Stanley, kisha likawa jina la Serikali yenyewe ya kikoloni. Lakini fikiri kidogo: mikono gani ilishika nyundo? Jina lilibaki kwa mwenye kuamuru. Wenye kuvunja walibaki bila jina.

Kwa hiyo siku Léopoldville inaanza, mwaka 1881, Kiswahili kilikuwa pale, juu ya kilima. Tunasema hivi kwa sababu mutu wa Mashariki akifungua kinywa Kinshasa, mara nyingi anaulizwa anatoka wapi, na kulikuwa nyakati ngumu, kama mwaka 1998, ambapo luga peke yake iliweza kumuletea mutu hatari. Tunajibu bila hasira: luga hii haikufika jana. Ilibeba muzigo wa kwanza wa muji huu kichwani.

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Wale wapagazi wengi wao walikuwa watumwa wa watu wa Zanzibar, wenye kukodishwa, na sehemu ya mushahara wao ilikwenda kwa mabwana. Vilevile walikuwa na bunduki za kazi ya Léopold, na wengine walizitumia juu ya wenyeji. Kiswahili hicho hicho kilikuwa luga ya misafara ya pembe na watumwa iliyoharibu Maniema. Mwenye kupenda luga yake lazima aweze kusema mambo yote mawili: walionewa, na walitumiwa kuonea. Ukiona mutu anakupa upande mumoja tu, jua kwamba anakuuzia kitu.

Sanamu zenye kupanda na kushuka

Juu ya kilima kulisimamishwa mwaka 1956 sanamu ya Stanley, kazi ya Arthur Dupagne, akiangalia muto. Kilima chenyewe kiliitwa Mont Stanley. Miaka minne nyuma yake, uhuru. Wakati wa authenticité, kuanzia mwaka 1971, majina yaligeuzwa: kilima kikapewa jina la mutu ambaye hadisi ya gongo ilimufanya kichekesho. Sanamu iliondolewa, ikavunjika kwenye vifundo vya miguu, ikalala miaka mingi kwenye uwanja wa vyuma vya zamani.

Sanamu ya Léopold II juu ya farasi nayo ilishushwa mwaka 1967. Mwaka 2005 ilisimamishwa tena karibu na Gare centrale, na haikumaliza siku: ilishushwa haraka. Leo zote zimewekwa kwenye uwanja wa makumbusho pale Mont Ngaliema. Hazitawali barabara tena. Ziko kama vitu vya kuchunguzwa.

Wanafunzi wanabishana sana: ziyeyushwe, ao zikae? Sisi tunaona kwamba zikae pale, lakini kwa sharti. Sanamu bila maelezo inaendelea kusema maneno ya aliyeisimamisha. Inahitaji mutu kando yake wa kueleza kaucuku, wa kueleza mikono iliyokatwa, wa kueleza wapagazi. Kama maelezo hayapo, wewe mwenye kusoma uwe maelezo kwa wenzako mulio nao.

Kwenye kilima hicho kuna pia makaburi ya zamani, Cimetière des Pionniers, yaliyotengenezwa kwa Wazungu wa kwanza. Soma miaka kwenye mawe: vijana, wengi wa umri wenu, waliokufa na homa mbali na kwao. Usiwacheke. Lakini jiulize pia: kwa kila jiwe lenye jina, ni wapagazi wangapi walizikwa bila jiwe? Upande wa misionere, kuna kanisa ndogo la Sims, lililojengwa mwaka 1891, moja kati ya majengo ya zamani kabisa ya muji.

Na makumbusho? Institut des Musées Nationaux iliundwa mwaka 1970 na makao yake yalikuwa juu ya kilima hiki. Ubelgiji ulirudisha vitu 114 kati ya 1976 na 1982. Wakati wa vurugu za miaka ya 1990 vitu mingi viliibwa. Tangu 2019 kuna Musée National mupya, uliojengwa kwa musaada wa Korea ya Kusini, Boulevard Triomphal. Kwa hiyo kwa ziara kamili, panga fasi mbili: kilima kwa kuona muto na sanamu, musée mupya kwa kuona mikusanyo yenyewe.

Kilima ni cha nani leo?

Hili ndilo swali lenye linauma. Mobutu alifanya sehemu ya kilima kuwa park ya présidence, na makao yake, na Théâtre de Verdure. Karibu yake kuna Cité de l'OUA, yenye jina linakumbusha mukutano wa wakubwa wa Afrika uliofanyika Kinshasa mwaka 1967, na kambi ya askari Tshatshi. Tangu Stanley mupaka leo, kila mwenye kushika mamlaka amependa kulala pale juu, kwa sababu ile ile ya kwanza: unaona mulango wa inchi. Raia wa kawaida anapita chini. Mwendo kidogo upande wa Kinsuka, wamama na vijana wanavunja mawe na nyundo, wanauza kwa ndoo kwa wenye kujenga. Bula Matari wa kweli bado wako kazini, na bado hakuna sanamu yao.

Kwa hiyo, mukienda:

Fikeni kwanza Kintambo Magasin, taxi mingi zinafika pale, kisha muulize njia ya kupanda. Muende asubui, kikundi cha watu wachache, na carte d'étudiant ao carte d'électeur mufukoni. Barua ya chuo ao ya association inasaidia sana mukitaka kuingia fasi za makumbusho.

Musipige picha mbele ya kuomba ruhusa. Kilima kina askari, na askari hapendi kuona téléphone imeinuliwa. Ukikatazwa, weka mufukoni, sema asante papa, endelea. Muto utauona tu.

Mumalizie Kinsuka ao kando ya muto fasi yenye mawe yanaonekana. Mukae kimya dakika chache, musikilize. Ndiyo kelele Kalulu aliyoisikia mwisho.

Tena jambo la mwisho, kwa mafinaliste wa historia, wa luga na wa sociologie wenye kutafuta sujet ya TFC ao ya mémoire. Mwisho wa kitabu cha Stanley cha mwaka 1878 kuna orodha ya watu wa musafara: majina ya waliokufa, fasi walipokufa, sababu ya kifo. Kitabu ni cha zamani, kinapatikana bure kwenye intaneti. Majina yale ni ya Kiswahili, na sisi tunaweza kuyasoma kwa sauti vizuri kuliko mwandishi mwenyewe. Upande wa pili, Kintambo bado kuna wazee wa Bateke na wa Bahumbu wanaojua hadisi za wakubwa wao, na hadisi hizo hazimungoji mutu. Kuoanisha orodha ile na vinywa vya wazee, kwa luga mbili ao tatu, ni kazi ambayo mwanafunzi wa Kongo anaweza kuifanya bila labo na bila bourse. Inaomba miguu, cahier, na subira.